Ofa mbili kutoka kwa watani wa jadi: mwongozo kamili kwa mzazi ambaye kijana wake anatakiwa na vyuo vya futiboli Marekani

Ofa ya mdomo haijawahi kulipa ada ya mtoto yeyote. Naanza na hilo kwa sababu ndipo familia nyingi za kwetu huku Ohio zinapoumia, na yetu iliumia. Mpwa wangu alikuwa darasa la 11, anacheza futiboli ya Kimarekani, safu ya ulinzi, mrefu na mwepesi wa miguu. Kocha msaidizi wa chuo kimoja akampigia simu: "Tunakupa ofa, ufadhili kamili." Dada yangu alipiga vigelegele mpaka jirani akagonga mlango. Usiku huohuo ndugu wa Tanga walishapata habari. Miezi mitatu baadaye kijana alipopiga kusema amekubali, akaambiwa asubiri kwanza, kuna wenzake wawili wa nafasi hiyohiyo wanaangaliwa. Hakuna kanuni iliyovunjwa. Sisi ndio hatukujua tumepewa nini.

Baada ya hapo vyuo viwili vyenye utani wa jadi vikamtaka kwa wakati mmoja, na safari hiyo tulikuwa tumeshajifunza. Sitavitaja. Ninachotaka ni wewe, mzazi mwenzangu, upite njia hii ukiwa macho.

Kwanza uelewe ugomvi wenyewe

Wewe unayejua Simba na Yanga wanavyogombea mchezaji wakati wa dirisha la usajili, nusu ya kazi umeshaimaliza. Chukua vyuo vya Michigan, kilichopo mji wa Ann Arbor, na Ohio State, kilichopo Columbus. Wiki ya mechi yao, mwishoni mwa Novemba, pale Ohio State watu hubandika utepe mwekundu juu ya kila herufi M kwenye vibao vya chuo. Jimbo la Ohio limejaa vijana wa futiboli kuliko Michigan, kwa hiyo Michigan tangu zamani huvuka mpaka kuja kuvuna. Desmond Howard alitoka Cleveland na Charles Woodson alitoka Fremont, wote wa Ohio. Wote wakaenda Michigan, wakaing'arisha mbele ya Ohio State, na kila mmoja akatwaa Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa futiboli ya vyuo, Howard mwaka 1991 na Woodson mwaka 1997. Na Michigan yupo wa kwetu zaidi: Tshimanga Biakabutuka, mzaliwa wa Kinshasa aliyekulia Montreal. Mwaka 1995 Ohio State walikuja Ann Arbor bila kufungwa hata mechi moja. Biakabutuka akakimbia na mpira yadi 313 siku hiyo, Michigan wakashinda 31 kwa 23. Watu wa Columbus wenye umri wangu ukiwatajia jina hilo bado wanatikisa kichwa.

Sasa tazama hesabu ya kocha. Kijana akienda kwake, amepata mchezaji. Kijana huyohuyo akikosekana kwa mtani, amepata mara ya pili. Ndiyo maana ofa nyingine hazimhusu mwanao hata kidogo, zinamhusu jirani. Hatua zote zinazofuata ni za kutenganisha chuo kinachomtaka mtoto na chuo kinachotaka tu mwenzake asimpate.

Hatua ya 1: Vyeti kabla ya mpira

Hapa nitakaa muda mrefu, maana watoto wetu hukwama hapa kuliko uwanjani. Ili acheze na kulipiwa Divisheni ya Kwanza, ngazi ya juu ya michezo ya vyuo, kijana lazima akubaliwe na kituo cha NCAA, chama kinachosimamia michezo hiyo, kinachopima sifa za wanafunzi. Wanataka masomo ya msingi 16 ya sekondari: Kiingereza miaka 4, hisabati miaka 3 kuanzia aljebra, sayansi miaka 2, masomo ya jamii miaka 2, na mengine ya kujazia kwa utaratibu wao. Wastani wa alama kwenye masomo hayo usipungue 2.3 kwenye kipimo cha hadi 4.0. Mitihani ya kuingilia chuo, SAT na ACT, hawaidai tena tangu 2023, ingawa chuo chenyewe kinaweza kuidai.

Kifungu kinachoangusha wengi ni hiki: masomo 10 kati ya hayo 16 yawe yamekamilika kabla ya kuanza darasa la 12, na 7 kati ya hayo 10 yawe ya Kiingereza, hisabati au sayansi. Alama za hayo hufungwa hapo, huwezi kurudia somo mwaka wa mwisho ukaziinua. Mzazi anayesubiri ofa ije ndipo aulize habari za masomo anakuwa amechelewa mwaka mzima.

Kwa familia zilizohamia, ongeza mambo matatu. Madarasa ya Kiingereza kwa wageni kwa kawaida hayahesabiwi kama Kiingereza cha msingi, labda yawe ya ngazi ya juu. Mtoto aliyewekwa humo miaka miwili anaweza kuwa na alama nzuri na bado akakosa masomo. Nenda kwa mshauri wa wanafunzi shuleni, mwombe orodha ya masomo ya shule hiyo yanayotambuliwa na NCAA, mkae naye mweke alama moja moja. Pili, kama kijana alianza sekondari Tanzania, Kenya au Kongo, matokeo ya kule yatadaiwa kuanzia darasa linalolingana na la 9 la huku, pamoja na tafsiri ya Kiingereza kama yako kwa lugha nyingine. Wakongo waliosoma kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, wanajua mtaala wao ni wa Kikongo na karatasi ziko kwa Kifaransa. Kutafuta karatasi hizo kunaweza kula mwaka, kwa hiyo anza mtoto akiwa darasa la 9. Tatu ni tarehe ya kuzaliwa. Watoto wengi waliopita kambini waliandikishwa tarehe 1 Januari. Hakikisha tarehe ya shule, ya hati ya uhamiaji na ya kituo cha NCAA ni moja, maana zikitofautiana maswali yanaanza wakati ambao huna nafasi ya kuyajibu.

Hatua ya 2: Aonekane

Klipu za dakika tatu au nne, matukio bora yakiwa mwanzoni, jina, urefu, uzito, darasa na wastani wa masomo vikiandikwa wazi. Weka pia mechi moja nzima, kwa sababu kocha makini hutaka kuona kijana anafanya nini akishapigwa chenga. Mwezi Juni apelekwe kwenye kambi za mazoezi za vyuo vyenyewe. Huko makocha humpima kwa macho yao, na ofa nyingi za kweli huzaliwa palepale uwanjani. Kambi mbili zilizochaguliwa vizuri zinatosha, msimalize akiba ya nyumba kwa kumzungusha kijana majimbo kumi.

Hatua ya 3: Uliza ofa hiyo ni ya aina gani

Kanuni hairuhusu ofa ya maandishi kabla ya tarehe 1 Agosti ya mwaka anaoingia darasa la 12. Kila kinachosemwa kabla ya hapo ni maneno, hata kama kimewekwa kwenye picha nzuri yenye nembo ya chuo na jina la mtoto kwa herufi kubwa. Picha hizo hutengenezwa kwa dakika chache na hupelekwa kwa vijana wengi mno kuliko nafasi zilizopo.

Kwa hiyo siku simu inapolia, kijana ashukuru, halafu aulize swali moja ambalo sisi hatukuliuliza: "Kocha, nikikubali leo, mnanichukua leo?" Jibu likiwa "ndiyo", ofa ipo. Jibu likiwa "njoo kwanza kambini", "tuone msimu wako" au "kocha mkuu anataka kukufahamu zaidi", hiyo ni dalili ya kutakwa, na kutakwa si vibaya, ila usikuhesabu kama ofa. Aulize pia kama kocha mkuu mwenyewe ameipitisha, maana msaidizi anaweza kuwa na mapenzi bila mamlaka.

Kuna za kuchunguza zaidi. Ipo inayomtaka kijana ajiunge Januari badala ya Agosti, akae nusu mwaka nyumbani nafasi ikisubiriwa. Uliza nani analipa miezi hiyo, na kama nafasi isipopatikana inakuwaje. Ipo ya kukaribishwa kikosini bila ufadhili, familia ikilipa ada yenyewe, kwa ahadi kwamba akifanya vizuri atalipiwa baadaye. Hiyo imekuwa hatari zaidi sasa. Zamani chuo cha ngazi ya juu kilikuwa na ufadhili 85 na kingeweza kubeba wachezaji wengi wa kujilipia juu yake. Tangu Julai 2025, baada ya mahakama kupitisha makubaliano ya kesi ya House, ambayo wachezaji waliishtaki NCAA, vyuo vilivyojiunga na utaratibu huo vina kikomo cha wachezaji 105 kikosini. Ufadhili unaweza kutolewa kwa wote, lakini hakuna kinacholazimisha chuo kuwalipia wote. Anayejilipia ndiye wa kwanza kukosa kiti.

Na ipo ofa ya kumwigiza mtani. Hii utaijua kwa tarehe. Chuo cha kwanza kimetangaza Jumatatu, cha pili kinapiga Jumanne, na hakuna kocha wao aliyewahi kukanyaga uwanja wa shule yenu. Muulize kocha huyo kwa upole ni mechi ipi ya kijana aliyoitazama na alipenda nini ndani yake. Aliyetazama atakutajia robo ya mchezo na tukio lenyewe. Kwa mpwa wangu, mmoja alitueleza jinsi kijana alivyoweka mguu wa kushoto vibaya kwenye mechi ya tatu na angemrekebishaje. Mwingine alisema anapenda "nguvu zake na familia yake". Tulimwekea alama yule wa mguu.

Hatua ya 4: Hesabu viti

Jioni moja nilichukua bahasha ya bili ya umeme nikaigeuza. Nikachora mistari miwili, kila chuo upande wake. Kwenye tovuti za vyuo majina yote ya kikosi yapo, pamoja na nafasi na mwaka wa masomo. Tukaandika kila anayecheza nafasi ya mpwa wangu: nani anamaliza, nani amebakiza miaka mitatu, nani ameletwa juzi kutoka chuo kingine. Chuo ambacho dada yangu alikipenda kwa sababu ya uwanja wake mkubwa kilikuwa na watu tisa, sita kati yao wa mwaka wa kwanza na wa pili. Kile kingine kilikuwa na watano, watatu wakiondoka. Kijana aliitazama bahasha ile kimya, kisha akasema, "Mjomba, kumbe hawa hawanihitaji." Ninayo hadi leo.

Fanyeni hesabu hiyo kila mwezi. Wachezaji sasa huhama chuo kwa wepesi mkubwa, na kocha anaweza kujaza nafasi kwa mtu mzima wa miaka 22 mwenye uzoefu badala ya kumsubiri mtoto wa sekondari akomae. Mwulizeni wazi: msimu uliopita mlichukua wangapi wa nafasi hii kutoka vyuo vingine, na mwakani mna mpango gani?

Hatua ya 5: Ziara, na kocha jikoni kwako

Ziara rasmi ni ile inayolipiwa na chuo. Kijana hupata moja kwa kila chuo, isipokuwa kocha mkuu akibadilishwa, na kikomo cha idadi ya vyuo kiliondolewa mwaka 2023. Kanuni zinaruhusu chuo kiwagharamie pia wanafamilia wawili, kwa hiyo nenda, usimwachie mtoto. Siku mbili za nyama choma, jezi na picha humlevya hata mtu mzima. Wewe kazi yako ni kumtafuta mchezaji wa mwaka wa tatu asiyepata namba, ukae naye pembeni umuulize anaishije. Huyo hana sababu ya kukupamba.

Usikubali kutoa jibu ndani ya ziara. Mbinu ya zamani ya watani ni kumbana kijana aseme "ndiyo" kabla hajaenda kumwona mwenzake: "Kuna kijana mwingine yuko ofisini, akisema ndiyo kiti kimekwenda." Inawezekana ni kweli. Jibu letu lilikuwa moja kwa wote: kwetu uamuzi kama huu hutolewa nyumbani, wazee wakiwepo. Hakuna kocha aliyekasirika. Nadhani walituheshimu zaidi.

Msimu ukiisha watakuja nyumbani. Yule wa mguu wa kushoto alikuja jioni, baridi kali, akavua viatu mlangoni bila kuambiwa. Dada akamwekea chai ya tangawizi na maandazi. Akazungumza nusu saa juu ya ubingwa, dada akimsikiliza kwa adabu, halafu akamuuliza kitu kimoja: "Akivunjika mguu mwaka wa kwanza asicheze tena, anamaliza shule?" Kocha aliweka kikombe chini. Akajibu kwamba ndiyo, akaahidi kutuma kifungu cha mkataba, na asubuhi kilikuwa kwenye barua pepe. Ulizeni swali hilo vyuo vyote, mkiangalia nani anatuma karatasi na nani anatuma maneno mengine.

Hatua ya 6: Kuishi na watani wawili bila kuchafuka

Kila upande utamsema mwenzake. Utasikia kocha wa kule anafukuzwa, kwamba hawawajali weusi, kwamba watoto hawamalizi shule. Msibebe maneno ya huku kupeleka kule. Mchukueni kila mmoja kwa anachosema juu yake mwenyewe, mengine myachunguze wenyewe.

Kijana asitaje ofa ya mtani kama fimbo. Waambieni wote ukweli uleule: anazungumza na mwenzako, ataamua wiki fulani, anataka kujua haya na haya. Uongo mdogo kati ya watani haudumu siku mbili, maana makocha wasaidizi wamewahi kufanya kazi pamoja na simu zao ziko wazi usiku. Hata Bo Schembechler, kocha wa zamani wa Michigan, aliwahi kuwa msaidizi wa kocha Woody Hayes pale Ohio State kabla hawajageukana.

Akishatoa neno, neno hilo halimfungi kisheria, wala halikifungi chuo. Ndiyo maana unaona kugeuka dakika za mwisho. Travis Hunter alikuwa ameahidi chuo cha Florida State, Desemba 2021 akasaini cha Jackson State. Bryce Underwood, kwotabeki (mrusha mpira) wa Belleville, Michigan, alikuwa wa chuo cha LSU karibu mwaka mzima, Novemba 2024 akageukia Michigan. Wale ni vijana waliokuwa wanagombewa na nchi nzima, wangeweza kugeuka na bado wakapokewa kwa zulia. Wa kawaida akigeuka mara mbili, simu zinapungua. Maoni yangu ni kwamba asitoe neno mpaka awe tayari kuacha kupokea wengine, na kama kuna jambo kubwa limebadilika, ampigie kocha mwenyewe kwa sauti yake kabla hajaweka chochote mtandaoni.

Jambo kubwa kuliko yote ni kocha kuondoka. Mwishoni mwa Novemba 2021, kocha Lincoln Riley aliiacha Oklahoma akaenda chuo cha USC, na siku iliyofuata habari zikatoka kwamba kocha Brian Kelly anaiacha Notre Dame kwenda LSU, huku usaini ukiwa umebaki majuma mawili na siku chache. Vijana waliochagua mtu wakabaki na jengo. Kwa hiyo kabla ya kuamua, ajiulize: kocha huyu asingekuwepo, ningependa kusoma hapa?

Hatua ya 7: Soma mkataba kama unavyosoma hati ya shamba

Ile barua ya kitaifa ya kujifunga, iliyotumika tangu 1964, ilifutwa Oktoba 2024. Kinachosainiwa sasa ni mkataba wa ufadhili wa chuo chenyewe. Angalia mkataba huo unalipa nini: ada, chumba, chakula, vitabu, na zile gharama nyingine za kuishi kama nauli ya kurudi nyumbani. Angalia miaka. Ufadhili wa mwaka mmoja unaofanywa upya si sawa na wa miaka minne ulioandikwa. Tangu Agosti 2024 Divisheni ya Kwanza inakataza kumnyang'anya mchezaji ufadhili kwa sababu za kimichezo, na inakitaka chuo kigharamie majeraha yaliyopatikana kikosini kwa angalau miaka 2 baada ya kuondoka. Omba uoneshwe vifungu hivyo kwenye karatasi yenu.

Halafu kuna pesa. Tangu Julai 2021 mchezaji anaweza kulipwa kwa matumizi ya jina na sura yake, na tangu Julai 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kugawana pesa na wachezaji, kikomo cha mwaka wa kwanza (2025-26) kikiwa takriban dola milioni 20.5, michezo yote pamoja. Pesa hizo huandikwa kwenye mkataba tofauti na ule wa ufadhili, na ndani yake kunaweza kuwa na kifungu cha kurudisha fedha kijana akihama. Lipa mwanasheria saa moja ausome. Pesa hizo zinakatwa kodi, na hata sehemu ya ufadhili inayolipia chumba na chakula huhesabiwa kipato. Kama kijana yuko kwa viza ya mwanafunzi ya F-1, asisaini malipo yoyote ya aina hiyo kabla ya kumwona mwanasheria wa uhamiaji, kwa sababu viza hiyo ina masharti makali ya kazi na kosa moja linaweza kumtoa nchini. Aliyezaliwa huku au mwenye kadi ya kijani hana shida hiyo.

Ofa kubwa zikikosekana, vyuo vya ngazi ya pili ya Divisheni ya Kwanza na vya Divisheni ya Pili hugawa ufadhili vipande vipande, na kipande kikiunganishwa na msaada wa masomo kinaweza kufuta deni lote. Divisheni ya Tatu na vyuo vya Ivy League (vile vikongwe kama Harvard) havitoi ufadhili wa michezo, lakini vingi hutoa msaada mnono kulingana na kipato cha nyumba.

Hatua ya 8: Asubuhi ya kusaini

Usaini wa mapema huanza Jumatano ya mwanzo ya Desemba. Mwaka 2025 ulikuwa tarehe 3 hadi 5. Asiyesaini hapo ana Februari, ila viti vinakuwa vimebaki vichache. Karatasi huja kwa mtandao saa moja asubuhi. Usiku wake linganisha nakala waliyokutumia mapema na hiyo ya mwisho, mstari kwa mstari. Kijana akiwa hajafika miaka 18, sahihi ya mzazi inahitajika, kwa hiyo mama asiwe zamu ya asubuhi hospitalini siku hiyo. Akishasaini, vyuo vingine hutakiwa kuacha kumfuata.

Kabla ya kuvaa kofia ya chuo, keki na kamera za shule, mpwa wangu alitoka nje kwenye gari akampigia kocha wa chuo alichokiacha, yule mtani. Alizungumza dakika nne. Aliporudi ndani macho yalikuwa mekundu, akasema kocha amemtakia heri, na amemwambia watakutana Novemba.